MJA MZITO AULIZWE NA HABARI YA MOYO WAKE

Mtu akiingia katika kituo chochote cha afya cha Unguja au Pemba asubuhi ya siku ya kliniki ya waja wazito, atakuta kazi ikiendelea kwa utaratibu uliokwisha kuzoeleka. Mama hupanda mzani, hupimwa shinikizo la damu, hutolewa damu ijulikane kama inatosha na kama ina maradhi, kisha hulala kitandani, mkunga akampapasa tumbo na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Kinachopatikana huandikwa katika kadi, na mama huirudisha kadi yake mkobani akaenda zake. Ni kazi njema, na wanaoifanya, wakiwa wachache mbele ya foleni ndefu, wanastahiki shukurani zetu. Lakini katika shughuli yote hiyo lipo swali moja ambalo mara nyingi haliulizwi, na likiulizwa huwa ni kwa hisani ya muuguzi mmoja mmoja wala si kwa kanuni ya kazi: Je, mama, moyo wako u hali gani?

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Katika nyumba zetu mja mzito haletewi habari ya msiba kwa ghafla. Mwenye mimba ya kwanza hurudi kwao akajifungulie mbele ya mama yake. Na akishajifungua hupewa siku arubaini za kukandwa, kulishwa na kupumzishwa. Mambo hayo tuliyahesabu kuwa ni ada tu, na baadhi yetu tuliosoma tuliyaita ya kizamani. Sasa inadhihirika kwamba ndani ya ada hizo mlikuwamo busara ambayo maabara za dunia zimechukua miaka mingi kuifikia.

Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi mjini Montreal, Canada, alitoa maelezo mafupi katika jarida la Nature akasema kwamba mwili wa mnyama ukitiwa mashakani, yawe ni ya baridi, ya jeraha au ya kazi ya kuchosha kupita kiasi, hujibu kwa namna moja. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo hukua na kufanya kazi kwa nguvu. Katika tezi hizo hutoka homoni ambayo leo twaijua kwa jina la kotisoli. Homoni ni mfano wa tarishi: hutoka mahali pamoja mwilini, ikachukuliwa na damu, ikafikisha amri mahali pengine. Amri ya kotisoli ni kuuweka mwili tayari. Sukari iongezwe katika damu, moyo upige kwa nguvu, na shughuli zisizo za haraka zingoje. Mtu aliyekutana na nyoka njiani anaihitaji sana. Taabu huanza pale ambapo nyoka haondoki njiani, bali yumo nyumbani, asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi.

Hapa yafaa tuseme wazi, tusije tukawatia hofu wale wale tunaotaka kuwatuliza, kwamba kotisoli si sumu. Kwa mwanamke mwenye mimba homoni hii hupanda yenyewe, hata ikafika mara mbili au tatu ya kiasi chake cha kawaida katika miezi ya mwisho, na kupanda huko ni katika maumbile mema. Mapafu ya mtoto huhitaji homoni za aina hii ili yakomae. Daktari Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, aliliona hilo mwaka 1969 alipokuwa akichunguza wana-kondoo waliozaliwa kabla ya siku zao, na mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakatangaza kwamba sindano ya dawa ya jamii hiyo, akipigwa mama anayekaribia kujifungua mapema, humsaidia mtoto kupumua. Wako watoto njiti wengi walio hai leo ambao wana deni kwa kondoo wale.

Zaidi ya hayo, maumbile yameweka mlinzi mlangoni. Kondo la nyuma, ambalo sisi hulizika tukalisahau, lina kimeng'enya ambacho huigeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama ikawa kotisoni, kitu kisicho na nguvu ile, kabla haijamfikia mtoto. Kwa hiyo hofu ya siku moja au ugomvi wa uani haumdhuru mtoto kirahisi, na mama yeyote anayesoma maneno haya asihesabu makosa yake. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa wanyama, na sehemu ya ule uliofanywa kwa binadamu, unaonyesha kwamba mashaka yakiwa makali na ya kudumu, mlinzi huyo hulegea. Imeonekana pia katika nchi nyingi kwamba wanawake wenye sonona au wasiwasi mkubwa wakati wa mimba huelekea zaidi kujifungua kabla ya siku au kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Si kotisoli peke yake inayofanya hayo. Usingizi umo, chakula kimo, na mzunguko wa damu umo. Wataalamu wangali wakijadiliana ni lipi lina uzito gani.

Wao hawawezi, na wala haifai, kuwatia wanawake mashakani kwa makusudi ili wapime matokeo. Hungojea balaa lije lenyewe. Januari 1998 jimbo la Quebec nchini Canada lilipigwa na mvua iliyoganda kuwa barafu, nyaya na minara ya umeme ikaanguka, na mamilioni ya watu wakakaa gizani katika baridi, baadhi yao kwa wiki kadhaa. Profesa Suzanne King na wenzake wakawatafuta wanawake waliokuwa na mimba wakati ule. Waliandika kila mmoja alikaa siku ngapi bila ya umeme, kama alihama nyumba yake na kama alipata hasara. Wakaandika vile vile ni kiasi gani yeye mwenyewe alisema alifadhaika. Kisha wakawafuata watoto kwa miaka. Watoto ambao mama zao walipata taabu nyingi zaidi walionekana, walipofika miaka miwili na tena walipofika miaka mitano na nusu, wako nyuma kidogo ya wenzao katika lugha na katika mitihani ya akili. La kuzingatiwa ni hili: katika mambo hayo ya akili, kilichohesabika ni wingi wa taabu yenyewe kuliko namna mama alivyosema ilimfadhaisha. Kwa maneno mengine, wenye kosa si wanawake wa moyo dhaifu. Ni nyaya zilizoanguka.

Msomaji wa Unguja akisikia habari ya waja wazito waliokaa gizani hana haja ya kwenda Quebec. Tangu mwishoni mwa Mei 2008, kwa takriban mwezi mzima, kisiwa hiki hakikuwa na umeme kwa sababu ya hitilafu katika njia ya waya wa chini ya bahari uletao umeme kutoka Tanzania Bara. Pampu zilisimama na maji yakakatika, wanawake wakarejea visimani na ndoo. Mafundi wa kuchomelea, washonaji na wauza barafu walikaa mikono mitupu. Desemba 2009 giza likarudi, na safari hiyo likakaa kiasi cha miezi mitatu, hata Machi 2010. Wengi wetu tunaikumbuka miezi ile kwa ngurumo za majenereta na harufu ya mafuta katika vichochoro vya Mji Mkongwe.

Alikuwapo mtu aliyeikumbuka kwa njia nyingine. Mtaalamu wa uchumi, Alfredo Burlando, alizichukua kumbukumbu za wadi ya wazazi akatazama uzito wa watoto waliozaliwa kabla na baada ya giza la 2008, na mwaka 2014 akachapisha aliyoyaona. Watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza walizaliwa na uzito mdogo kuliko wenzao, na idadi ya wenye uzito pungufu iliongezeka. Yeye hakupima kotisoli ya mtu. Maelezo yake yaliegemea kazi na pato lililokatika ghafla. Sisi hatudai zaidi ya alivyodai. Twasema tu kwamba pato linapokatika, mja mzito hapungukiwi na chungu peke yake. Hupungukiwa na usingizi, akalala akihesabu fedha za daladala, za nepi na za kumlipa mwenye duka, na mwili wake haujui tofauti baina ya hesabu hiyo na nyoka wa njiani. Tulipohesabu hasara ya giza lile tulihesabu hoteli, viwanda na saa za kazi za maofisi. Hatukumbuki kuona gramu za watoto zikitajwa popote.

Hatusemi hivi ili kumlaumu fundi au waziri wa wakati ule. Tunasema ili ieleweke kwamba utulivu wa mja mzito si jambo la chumbani peke yake. Umeme ni sehemu yake, na maji ya mfereji ni sehemu yake. Boti ya kuaminika ni sehemu yake pia, katika visiwa ambavyo vilizika mamia ya watu wake baada ya meli ya Spice Islander kuzama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na vikazika tena baada ya Skagit mwezi wa Julai 2012. Katika nyumba zilizowekwa matanga walikuwamo pia wanawake wenye mimba. Tuliwapa pole kama tulivyowapa wengine, tukawaachia wamalize eda zao na mimba zao pamoja.

Ziko pia taabu ambazo hazitangazwi na redio. Mume yuko dago miezi miwili na salamu hazifiki. Mwanamke wa Paje au wa Jambiani huingia majini kwenye mwani wake na tumbo la miezi minane, kwa sababu bamvua haingoji mtu. Mwanamwali amepata mimba kabla ya ndoa na watu wa nyumbani hawasemi naye. Na yupo anayepigwa. Utafiti mkubwa ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza mwaka 2005, uliofika Dar es Salaam na Mbeya, uliwakuta wanawake waliosema walipigwa na waume zao hali wakiwa na mimba. Hatuna sababu ya kujidanganya kwamba bahari inatukinga na aibu hiyo.

Kwa nini basi hawasemi? Methali yetu imelitaja jambo hili kwa ukali: mficha uchi hazai. Aliyeitunga alijua kwamba anayetaka msaada wa kuzaa lazima kwanza akubali kufunuliwa. Mwanamke wa leo amekubali kuufunua mwili wake mbele ya mkunga, lakini moyo bado anauficha, nasi ndio tunaomfundisha kuuficha. Akilia, huambiwa ana deko. Akinyamaza siku nyingi, huambiwa ana shetani. Akithubutu kutamka kwamba mimba hii haimfurahishi, huambiwa amekufuru neema. Hata katika wadi za kuzalia, ambako maneno laini yangekuwa nusu ya dawa, zimesikika kauli ambazo mtu hawezi kuzirudia gazetini. Tunajua kwamba wakunga wenyewe huchoka, na muuguzi mmoja akiachiwa usiku kucha wazazi wengi, ulimi wake hautakuwa na asali. Hilo nalo ni la kutengenezwa na waajiri wake, si la kusamehewa tu.

Wako watakaosema kwamba sonona ya waja wazito ni maradhi ya Ulaya, ya watu walioshiba. Daktari John Cox, Mwingereza aliyefanya kazi Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliketi na waja wazito wa Kasangati, karibu na Kampala, na makala yake ya mwaka 1979 ilihusu wanawake 263. Alikuta kwamba maradhi haya si mageni kwa wanawake wa shamba. Baadaye, akiwa Uskochi, yeye na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walitoa mwaka 1987 maswali kumi mafupi ya kumtambua mama mwenye sonona, na maswali hayo leo yanatumika duniani kote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake 15.6 katika kila mia hupatwa na maradhi ya akili wakati wa mimba, na 19.8 katika kila mia baada ya kujifungua, na mengi katika hayo ni sonona. Ikiwa katika kliniki moja wamekaa wanawake thelathini juu ya benchi, basi kwa hesabu hiyo wanne au watano wamekuja na mzigo mwingine usioonekana.

Mzigo huo unatulika. Katika vijiji vya Rawalpindi nchini Pakistan, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida waliomaliza sekondari, namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona. Waliwatembelea majumbani kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba, wakawasaidia kuyapanga mawazo yao, kujitunza na kuwashirikisha watu wa nyumbani. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona katika kundi lililozungumziwa hivyo walikuwa 23 katika kila mia. Katika kundi lililotembelewa bila ya mazungumzo hayo walikuwa 53. Hapakuwa na vidonge, wala hapakujengwa hospitali mpya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likautoa mwongozo wa mazungumzo hayo utumiwe na nchi yoyote, na mwaka 2022 likatoa mwongozo mwingine wa kuitia huduma hii ndani ya kliniki za mama na mtoto.

Visiwa vyetu vina zaidi ya wanavyokuwa navyo wengi wanaoianza kazi hii. Tunao wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaotoka katika shehia zao wenyewe na kumtembelea mja mzito nyumbani kwake wakiwa na simu yenye maswali ya kumuuliza. Njia ya kumfikia mama imekwisha kukatwa; kilichobaki ni kuipitisha habari ya moyo katika njia hiyo hiyo. Maswali yawe machache, na yawe kwa Kiswahili chetu. Mwanamke wa Micheweni hatasema ana sonona. Atasema roho haina raha, au kwamba mawazo hayampi usingizi. Anayeuliza lazima ayajue maneno hayo, na lazima ajue kunyamaza baada ya kuyasikia. Tena, habari za mtu zisigeuke mazungumzo ya kisimani. Mhudumu asiyeweza kuweka siri asipewe kazi hii, hata awe hodari kiasi gani.

Katika vituo, pazia moja na viti viwili vyatosha kuwa mwanzo. Lakini ni hatari kumuuliza mtu penye jeraha kisha ukamwacha nalo, kwa hiyo Wizara ya Afya haina budi kuonyesha mapema nani atakayempokea mama aliyejibu kwamba hali yake ni mbaya, na hasa yule aliyesema kwamba hataki tena kuishi. Mama huyo hawezi kwenda peke yake Kidongo Chekundu, si kwa ubaya wa hospitali, bali kwa sababu jina hilo peke yake litamfungia mlango wa nyumbani kwao. Mtu wa kumsikiliza awepo katika hospitali ya wilaya, penye kliniki nyingine zote, ili anayeingia asijulikane ameingia kwa lipi. Na siku ya uchungu aruhusiwe mtu wake mmoja akae naye, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza. Nyanya zetu hawakupata kumwacha mzazi ajifungue miongoni mwa watu wageni watupu.

Kwa waume hatuna maneno mengi. Msimamizi wa nyumba aliyesoma mpaka hapa asiichukue elimu hii akaifanya fimbo, akamwambia mkewe kwamba mtoto ametoka njiti kwa sababu ya hasira zake. Hakuna mtaalamu anayeweza kusema hivyo juu ya mtoto mmoja, na atakayesema hivyo ameongeza ile ile kotisoli anayoilaumu. Yeye aulize ndoo za maji zimeletwa na nani.

Lipo deni moja jingine ambalo linawahusu wakuu wetu moja kwa moja. Tangu mwaka 2014 maelfu ya waja wazito wa Pemba, pamoja na wenzao wa Sylhet nchini Bangladesh na wa Karachi nchini Pakistan, walikubali kutoa damu, mkojo na vipande vya kondo zao kwa uchunguzi wa kimataifa wa maradhi ya uzazi na watoto njiti. Walitoa kwa hiari, wengi wao wakitembea kwa miguu kufika kituoni. Wanawake waliotoa hata kondo kwa ajili ya elimu ya dunia wanastahiki kuulizwa, na Serikali yao wenyewe, wamelalaje usiku wa jana.

Hatuombi jengo, wala hatuombi tume. Kadi za kliniki huchapishwa upya kila zinapokwisha. Twaiomba Wizara ya Afya, kabla ya chapa ijayo, iongeze mstari mmoja wa habari ya moyo chini ya ule wa shinikizo la damu, na ichague wilaya mbili, moja ya Unguja na moja ya Pemba, ambako mstari huo utaanza kujazwa na watu waliofundishwa namna ya kuujaza. Baada ya mwaka mmoja tuambiwe hadharani ni wangapi walioulizwa, na wangapi waliosaidiwa.